Chuma cha Bashi Mwape

Tangu niweke spana chini, simu yangu haijapumzika. Gari likiwashinda vijana wa gereji yetu hapa Kashikishi, wananipigia, wanasogeza simu karibu na injini na kuniambia nisikilize. Ninachosikia ni jogoo, redio ya jirani na mama anayekaanga vitumbua. Siku moja niliwajibu, "Hicho ni kitumbua, geuzeni upande wa pili." Walicheka, wakakata simu, na gari likabaki limelala. Ndipo Ba Chola, mwenye gereji, akaja mwenyewe hadi kwangu. "Papa Kyungu," alisema, "weka yote mu karatasi, batoto basome, na sisi tupate kufanya kazi kidogo."

Basi naandika, nusu kwa ajili yenu vijana na nusu kwa ajili ya kumpumzisha Ba Chola. Anayetafuta habari za vyeo asisumbuke kusoma. Katika gereji yetu vyeo vilikuwa viwili tu: mwenye gereji, na yule aliye chini ya gari. Mimi nilikuwa chini ya gari, na kusema kweli kule chini kuna kivuli na wateja hawakuoni.

Kazi niliianzia Pweto, upande wa Kongo, kwenye ncha ya juu ya ziwa hili hili la Mweru. Mwalimu wangu alikuwa Metre Anselemi, mtu mfupi, mkavu, aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi kila asubuhi na kujaa mafuta kabla ya saa nne. Siku ya kwanza nilifika nikiwa nimekunja mikono ya shati, tayari kufungua injini. Hakunipa hata bisibisi. Alinipeleka nyuma ya lori lililokuwa linaenda kuchukua samaki, akanionyesha mahali juu kabisa ya ekseli, akaniambia nikae hapo mpaka lori lirudi. Niliporudi, vumbi lilikuwa limenigeuza muzungu. Metre aliniuliza swali moja tu.

"Matako yako inasema nini?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa mtu wa utani. "Mutu wa mekanike," aliniambia, "anasikia gari na matako mbele ya kuisikia na masikio. Masikio inaongopa, kwa kupenda kelele. Kama gari inakubembeza sawa mutoto mwenye analala, amotisere imekufa. Kama inakupiga teke sawa shemeji mwenye hakupendi, lame iko nguvu kupita muzigo. Usichanganye ile mbili. Bantu wanachanganya, njo maana tuko na kazi."

Hilo somo ndilo kubwa kuliko yote niliyopata, kwa hiyo nilifafanue kwa yule ambaye hajawahi kulala chini ya gari. Magari mengi ya zamani ya mizigo yana springi za mabamba nyuma, mabamba marefu ya chuma yaliyopinda, yamepangwa moja juu ya jingine. Sisi wa Kongo tunaita kila bamba lame. Lame ndizo zinazobeba mzigo. Pembeni yake kuna amotisere, kama pampu ya baiskeli yenye mafuta ndani, na kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya shimo kupita. Moja inabeba, nyingine inanyamazisha. Ukimtibu mgonjwa wa tumbo kwa dawa ya macho, ataona vizuri sana jinsi tumbo linavyomuuma.

Metre alikuwa na vifaa vichache na alivipenda kupita kiasi. Alikuwa na magogo mafupi ya mubanga, mti mgumu, ya kuegemezea gari, maana jeki aliita rafiki wa uongo. Alikuwa na kibano kizito cha chuma cha kubana lame zisifumuke unapochomoa boliti ya katikati. Nyundo aliifungia ndani ya sanduku, na ukiitaka ulitakiwa kueleza kwanza umekosa akili wapi. Nilieleza mara nyingi.

Vita ilipofika Pweto tulivuka mpaka wa nchi, tukaja upande huu. Mke wangu alibeba mtoto mmoja na mimi mwingine, na begani nilikuwa na mfuko wenye kile kibano, kwa sababu Metre alikitia mkononi mwangu asubuhi ile bila kusema neno. Yeye alibaki. Mke wangu amenikumbusha tangu siku hiyo kwamba kama ningebeba sufuria tungekula mapema zaidi, na ana haki kabisa. Lakini Metre sikumwona tena, na mpaka leo nikishika kitu kizito chenye grisi, namkumbuka na kulitaja jina lake kwa sauti. Sioni aibu kuandika hivyo.

Tulikaa kambini, tukalima, kisha nikasikia kwamba huku Nchelenge na Kashikishi kuna magari mengi mabovu, habari njema kwa mtu wa aina yangu. Ba Chola alinipokea kwa Kiswahili cha sokoni, kile anachonunulia samaki, na mimi nikamjibu kwa Kibemba cha kambini ambacho kilimchekesha mpaka akakaa chini. Siku ya kwanza alinipa lori la mtu mmoja aliyesikia kwamba springi zinataka mafuta, akazipaka mafuta ya mawese. Sisimizi walikuwa wamehamia na familia zao, na mbwa wa Kashikishi walilifuata lile lori kutoka sokoni hadi gereji. Nilisafisha, nikapaka grisi, na mbwa wawili walibaki pale mlangoni wiki nzima wakiamini tutabadilisha mawazo.

Sasa kuna desturi ya ufuo huu ambayo lazima muielewe, kwa sababu nusu ya kazi yangu ilitoka humo. Hapa gari haliulizwi lina mwendo gani. Linaulizwa linabeba magunia mangapi ya chisense, wale dagaa wetu wadogo wanaoanikwa mchangani. Kwa hiyo mtu akinunua gari, kabla hajajaza mafuta, anakwenda kuongeza lame nyuma. Gari likiruka, anaongeza lame. Likilalia upande, anaongeza lame. Nimewahi kumwona mtu ameongeza lame kwa sababu honi haikulia vizuri, au tuseme alikuja kwa ajili ya honi akaondoka na lame. Ziwa linapofungwa ili samaki wazae, magari hayo hayo yanatembea matupu, yanarukaruka barabarani kama mbuzi, na madereva wanatia mifuko ya mchanga nyuma wakingoja ziwa lifunguliwe. Hakuna anayefikiria kutoa lame. Kuongeza ni maendeleo, kutoa ni kufilisika.

Nawapitisha haraka miaka mingi ya klachi, breki na radieta zilizozibwa kwa unga wa muhogo, nifike kwenye gari ambalo ninyi wengine mlilikuta likipita hapa na kunipigia honi. Lilikuja karibu na mwisho wa kazi yangu. Ni Pejo 504, pikapu, ya buluu, ya zamani kiasi kwamba vipuri vyake huviulizi dukani, unawauliza wazee. Nyuma, kwenye mlango wa bodi, pameandikwa kwa rangi nyeupe NAENDA POLEPOLE. Asubuhi ile iliingia getini ikapita kwenye kituta kidogo cha mlango wetu, na nyuma yake ikaruka juu hivi kwamba maneno yale niliyasoma kwa kuinua kichwa.

Dereva alikuwa Bana Mwape, yaani mama yake Mwape, mwanamke mwenye umri wangu, amekalia mito miwili, kitambaa cha kichwa kimesukumwa na dari mpaka kwenye nyusi. Nilimfahamu kwa mbali. Mume wake, Bashi Mwape, yaani baba yake Mwape, alikuwa mchuuzi wa samaki aliyepeleka chisense mpaka Mansa na mbele zaidi kwa hiyo Pejo, na alikuwa amefariki miaka michache nyuma. Yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kuendesha, wakati wanawake wa hapa walioshika usukani walihesabika kwa vidole. Alishuka polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Mwapoleni, mukwai," alisalimia. "Hii gari inanivunja mugongo. Vraiment, kweli inanivunja."

Nilimletea kiti. Akaeleza yote bila kuzunguka. Alikuwa ameanguka bandarini na mgongo wake haukupona vizuri, na hospitali walimwonya asirushwerushwe. Kijana wake, Mwape, anayefanya kazi Mansa, alimsikia akiugua baada ya kila safari, akaogopa, akatafuta mnunuzi. Mnunuzi alipatikana, bwana mmoja wa Kitwe anayekusanya Pejo za zamani. Wangekuja wote wawili Jumamosi.

"Mwape si mutoto mubaya," alisema. "Anasema, 'Mayo, mama yangu, ao gari inanyamaza, ao inauzwa.' Lakini bwana yangu eko Chienge, ku makaburi ya kwabo. Kila mwezi naenda na hii gari, nazima injini pale karibu yake, naongea naye. Sasa niende na minibasi? Nishuke mu gari ya bengine, mi na kikapo, sawa mugeni?"

Nilimwambia atulie. Nilijiamini, kwa sababu Ba Chola alikuwa tayari ameingia chini na kutoka akitabasamu. "Amotisere," alisema. "Zote mbili. Zimekufa." Tulizifungua, nikaivuta moja kwa mkono ikaja bila ubishi, nikaisukuma ikarudi bila ubishi. Amotisere nzima inapaswa kukugombeza. Hizi zilikuwa zimekubali kila kitu. Tukaagiza mpya kutoka Mansa, zikaja na basi la jioni, tukafunga jozi nzima, maana kubadilisha upande mmoja ni kulifanya gari kilema wa makusudi.

Kesho yake Bana Mwape alizunguka nayo hadi boma, kwenye ofisi za wilaya, na kurudi. Alishuka mkono bado uko kiunoni. "Haibembee tena," alisema kwa upole, kama mtu asiyetaka kukuvunja moyo. "Lakini inapiga."

Nilimwomba Ba Chola aendeshe. Nikapanda nyuma kwenye bodi, nikakaa juu ya ekseli kama nilivyokaa Pweto nikiwa kijana, ingawa sasa niligundua kwamba matako nayo huzeeka. Kwenye shimo la kwanza nilipata jibu. Teke. Teke la shemeji kabisa. Tuliporudi tuliinamia bodi, mimi na Ba Chola, tukaisukuma chini kwa nguvu zetu zote. Haikushuka hata kidogo. Ilikuwa kama tunasukuma ukuta wa kanisa.

Niliingia chini na taa. Kati ya lame za kiwandani, kila upande, kulikuwa na moja nene iliyozidi, ya lori, ncha zake zimekatwa kwa msumeno wa mkono na kulainishwa kwa tupa kwa uvumilivu mkubwa. Ilikuwa kazi safi, niseme wazi. Lakini gari lilikuwa limebeba maji ya samaki maisha yake yote, na ule unyevu na kutu vilikuwa vimezishikanisha lame zote zikawa kipande kimoja. Gari lenye springi za magunia kwa magunia lilikuwa linabeba mama mmoja na kikapu. Springi haikuwa na habari kwamba amepanda. Kila shimo lilikuwa linapita moja kwa moja kutoka barabarani hadi kwenye uti wa mgongo wake.

Nilitoka chini nikiwa na furaha ya fundi aliyeuona ugonjwa. Nikamwambia Bana Mwape, nikifuta mikono, kwamba chuma kina nguvu kupita mzigo, na dawa ni nyepesi: tunatoa zile lame mbili za ziada, tunasafisha zilizobaki, tunapaka grisi, na Jumamosi anacheka.

Hakucheka. "Awe, hapana, mukwai," alisema. "Ile chuma haitoke."

"Mama, njo inakupiga."

"Haitoke. Ile chuma ni ya Bashi Mwape. Aliitoa ku lori yenye ilianguka, akaikata nyuma ya nyumba. Mi njo nilikuwa nakamata ku mwisho isitetemeke. Alikata, alikata, mikono yake ikatoka malengelenge. Ile chuma njo ilisomesha Mwape na badada zake. Mutabeba yote ya bwana yangu? Alikufaka, nguo yake tuligawanya, bunduki yake ndugu yake akabeba. Kwangu ilibakia ile kazi ya mikono yake." Akasimama. "Kama haiwezekane, basi, Jumamosi bachukue gari na chuma yake. Angalau itaenda muzima."

Ba Chola alijaribu. Alisema tunaweza kutia mifuko ya mchanga, kama watu wote. Bana Mwape alimtazama mpaka akatafuta kazi ya kufanya kwingine. "Bwana yangu hakubebaka muchanga," alisema. "Alikuwa anabeba samaki."

Niliona aibu ya furaha yangu. Nilikuwa nimeona chuma, sikuona mtu. Lakini neno lake la mwisho lilinibaki kichwani nilipokuwa nakunywa chai, na chai ilipopoa nilikuwa nimepata njia. Nilimwomba kitu kimoja tu: anisindikize sokoni na Pejo yake, kisha aamue anavyotaka, mimi nisingesema lolote. Mke wangu akisoma hapa ataangua kicheko, lakini kweli nilinyamaza.

Pale sokoni Kashikishi kulikuwa na akina mama wenye magunia ya chisense wanaosubiri gari la kuwapeleka kituoni Nchelenge, wapate basi la Mansa. Niliwaambia Bana Mwape anawapakia bure. Hakuna neno katika lugha yoyote linalosogeza watu haraka kuliko bure. Magunia yakapangwa hadi juu ya ukingo wa bodi, akina mama wawili wakapanda juu yake, mmoja akapiga kelele, "Bana Mwape amerudia mu business!" Nyuma ya Pejo ikashuka taratibu, ikakaa sawa na mbele. Nilikuwa sijawahi kuliona gari lile likiwa limenyooka.

Bana Mwape akashika usukani, mimi pembeni yake. Mashimo ya barabara ile mnayajua. Tulilipita la kwanza, nyuma ikazama kidogo na kuinuka, basi. La pili, hivyo hivyo. Lame zililia kwa kutu, kriii, kriii, lakini zilikubali. Harufu ya chisense ikajaa ndani. Bana Mwape alipunguza mwendo bila sababu yoyote. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yake miwili ilikuwa kwenye usukani, kama alivyofundishwa.

"Hivi," alisema. "Hivi njo ilikuwaka. Mi nilikuwa nalala hapa pembeni yake mpaka Mansa."

Kituoni akina mama wakashusha magunia yao, wakatubariki, wakaenda. Tukageuza gari likiwa tupu kwa barabara ile ile, kwenye mashimo yale yale. Teke. Teke. Shimo la tatu lilimrusha mpaka kitambaa kikateleza tena kwenye nyusi, naye akatoa sauti ya maumivu niliyoisikia mpaka kwenye meno yangu. Alisimamisha gari kando ya barabara, akazima injini. Ziwa lilikuwa linaonekana kati ya nyumba, na mtu mmoja alikuwa anaosha baiskeli yake majini bila haraka.

"Alifunga ile chuma kwa ajili ya samaki," alisema mwishoni. "Hakuifunga kwa ajili yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Kama angaliona inanipiga hivi, angaliitoa yeye mwenyewe. Na angalikutukana, juu ya kukawia." Akajifunga kitambaa upya. "Bien, basi. Toa. Lakini usitupe. Na mi nitakamata ku mwisho."

Hapa vijana shikeni kalamu. Kesho yake tuliinua gari kwa fremu, si kwa ekseli, tukaliegemeza kwenye magogo ya mubanga, rafiki wa kweli. Boliti zilizoota kutu tulikuwa tumezilowesha dizeli tangu mchana uliotangulia, kwa hiyo zilikubali bila matusi. Kabla ya kuchomoa boliti ya katikati nilibana lame zote kwa kile kibano cha Metre Anselemi, kwa maana lame zikifumuka hazichagui kati ya kidole na hewa. Bana Mwape alikaa kwenye stuli, mgongo umenyooka, akaweka kiganja chake kwenye ncha ya ile lame nene. Nilifungua kibano taratibu. Lame ikaachia, ikatetemeka kidogo, naye akaizuia. Hivyo hivyo upande wa pili. Hakuna aliyeongea, hata Ba Chola, na huyo huongea hata akiwa na misumari mdomoni.

Tukasugua zilizobaki mpaka chuma kikaonekana, tukapaka grisi, tukatia mpira mpya kwenye macho ya springi, yale matundu ya kwenye ncha. Na hili msilisahau: boliti za mipira zinakazwa gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira unajisokota gari likishuka, na baada ya miezi michache mteja atarudi, na atarudi na ndugu zake.

Jumamosi Mwape alifika na bwana wa Kitwe. Mwape ni mtu mrefu, mpole, aliyevaa viatu visivyopenda gereji. Yule bwana alizunguka Pejo akipapasa vioo kama anayechagua ng'ombe. Kabla hajafungua mdomo, Bana Mwape alikuwa kwenye usukani.

"Wewe, muzee, kaa hapa mbele na mi," alimwambia mgeni. "Mwape, panda nyuma. Kaa pale juu ya ekseli."

"Mayo, na hii suruali?"

"Panda."

Waliondoka. Nilisimama getini nikiwa na wasiwasi mwingi, siwadanganyi, kuliko siku nilipopeleka posa. Niliwaona wakipita kituta chetu cha mlangoni, na maneno NAENDA POLEPOLE yakashuka, yakapanda, yakatulia. Wakapotea upande wa boma. Ba Chola alianza kuhesabu kwa sauti dakika zinazopita, nikamwomba anyamaze au akatafute nyundo.

Waliporudi, Mwape aliruka chini akijipangusa vumbi, akaenda dirishani kwa mama yake. "Mugongo?"

"Uliza yako," alisema Bana Mwape.

Mwape akacheka, kicheko cha mtoto, akaegemea mlango wa gari. "Mayo, imenyamaza. Kweli imenyamaza." Kisha akamgeukia bwana wa Kitwe, akamwambia kwa heshima zote kwamba anasikitika kwa safari ndefu aliyomfanyisha, lakini gari haliuzwi. Yule bwana hakukasirika sana. Alisema kwa jinsi linavyotembea sasa, na yeye asingeliuza. Bana Mwape akampeleka nyumbani akale samaki wa siku ile, na nasikia alikula kwa hasira ya watu wawili.

Zile lame mbili alizifunga kwenye kitenge akaondoka nazo. Sikuuliza anazipeleka wapi. Nilifikiri zitawekwa chini ya kitanda, kama tunavyoweka vitu vya marehemu, zioze huko kwa heshima.

Siku yangu ya mwisho kazini Ba Chola alinunua soda, akatoa hotuba ndefu kuhusu yeye mwenyewe, na ninyi vijana mkanipigia makofi kwa spana. Katikati ya hotuba Pejo ya buluu iliingia getini, ikapita kituta kimya kimya. Bana Mwape alishuka bila mkono kiunoni. Alikuwa ametoka Chienge, kwa mume wake, na kabla ya kurudi alikuwa amepitia kwa mhunzi wa huko. Alifungua mlango wa nyuma akatoa kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge, akaniwekea mikononi. Lilikuwa jembe, mpini mpya wa mti mgumu, chuma chake kinene, cheusi, bado kina harufu ya moto. Ukingoni mhunzi alikuwa ameacha alama ndogo za tupa ambazo hazikuwa zake. Nilizitambua mara moja: ni zile za Bashi Mwape.

"Moja ni yangu, moja ni yako," alisema. "Mi nalima karanga na yangu. Nilimuuliza Bashi Mwape, hakukatala. We ulisema hii chuma iko nguvu kupita muzigo. Basi nimeitafutia muzigo. Enda nayo mu shamba, Ba Kyungu, upumzike na kazi."

Hotuba ya Ba Chola iliishia hapo, na hilo pekee lilikuwa zawadi ya pili.

Sasa nalima muhogo nyuma ya nyumba. Kibano cha Metre Anselemi nimekiacha gerejini, kwenye msumari karibu na mlango, na atakayekitumia badala ya kile kipya cha duka atanifurahisha. Jembe nimekuja nalo. Ardhi yangu ina sehemu moja ngumu karibu na ua, na nikiipiga pale, lile jembe linanirudishia mkono, teke dogo, safi kabisa. Nasimama, nacheka peke yangu, na mke wangu anauliza kutoka jikoni ninacheka na nani. Namwambia, "Na Bashi Mwape. Bado anafikiri tumebeba samaki."